Mjomba anasema nimeenda chuo kikuu kuhesabu watu

Shangazi, shikamoo.

Nakusoma tangu nikiwa kidato cha nne, enzi hizo kwa simu ya kuazima, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuandikia. Nina miaka 22, nipo mwaka wa pili chuo kikuu hapa hapa Dar, nasoma jiografia. Kidato cha sita nilichukua HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Mkopo wa bodi nilipata, ila si asilimia zote. Ada iliyobaki pamoja na hela ya kula ananisaidia mjomba, kaka yake mama, kwa sababu baba alifariki nikiwa darasa la sita.

Mjomba ni dalali wa viwanja. Ana benchi lake chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala, ana simu mbili, na wateja wake anawapeleka kwa bodaboda hadi huko ndani ndani. Simsemi vibaya, Shangazi. Bila yeye nisingefika hapa.

Tatizo limeanza baada ya kutaja ninachotaka kubobea. Mwaka wa tatu tunachagua masomo na mada ya utafiti, na moyo wangu upo kwenye jiografia ya watu: idadi, mtawanyiko, uhamaji, na jinsi mambo hayo yanavyoingia kwenye mipango ya ardhi. Mhadhiri wetu anasema huo ndio msingi wa mipango yote. Iddi pili tulikuwa tumekusanyika kwa bibi, mjomba akaniuliza nasoma nini hasa, nikamweleza. Akacheka mbele ya watu wote. "Yaani mimi natembea juani mpaka viatu vinaisha, wewe umeenda chuo kikuu kujifunza kuhesabu watu? Makarani wa sensa wa juzi walipigwa semina, wakapewa vishikwambi, wakahesabu, wakalipwa, yakaisha." Tangu siku hiyo ananiambia nihamie ugavi, mtoto wa rafiki yake alisoma ugavi na sasa ana gari. Amesema nisipohama, kuanzia muhula ujao nitafute mtu mwingine wa kunisaidia.

Ningeweza kumpuuza kama ningekuwa na uhakika na ninachokisoma. Ila likizo ndefu nilienda field, yale mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi moja inayoshughulika na mambo ya ardhi, jina naliacha. Wiki saba nimepiga fotokopi na kuandika namba kwenye majalada. Siku moja walitandika mezani mchoro wa mtaa mpya, viwanja vimejipanga vizuri, nikauliza hapa wataishi watu wangapi. Yule mkubwa wetu akanijibu bila kuinua kichwa: "Kila kiwanja weka sita, zidisha." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Nyie wa jiografia ni walimu, mipangomiji mtatuachia wenyewe."

Sita imetoka wapi, Shangazi? Sisi babu alitoka Rufiji akafikia Buguruni. Baba akazaliwa pale, akaja kupanga Vingunguti ambako mimi nimezaliwa, mwaka 2009 ndiyo tukahamia kwetu Kivule. Nimesoma darasa lenye watoto zaidi ya mia, tunaingia kwa zamu. Mtaani kwetu urasimishaji ulipita, yaani kupima viwanja vya nyumba zilizokwisha kujengwa bila mpango, watu tukachanga, bikoni za mipaka zikawekwa, lakini eneo la shule halipo hata la kusingizia, watoto wanavuka bonde kwenda shule ya mbali na mvua zikinyesha wanabaki nyumbani. Nikiangalia hayo naona kuna kitu cha kusoma pale. Halafu nakumbuka kicheko cha ile ofisi, naona labda mjomba yupo sahihi.

Naomba uniambie ukweli. Hili somo lina kazi kwenye mipango ya ardhi, au mhadhiri anatupamba tu? Nihamie ugavi? Na mjomba nimwambie nini, maana ada ni yake?

Binti wa Kivule

---

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaifuta, kwa sababu pale penye "weka sita, zidisha" nilidhani macho yananidanganya. Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba kabla sijawa Shangazi wa watu wote nilifanya kazi ya mipangomiji mpaka nikastaafu. Kwa hiyo nina deni la kukiri. Mimi nilizidisha kwa tano.

Nilikuwa msichana mgeni kazini, kalamu mpya, kiburi tele. Nikapewa eneo la kuchora upande wa kusini wa jiji, viwanja mia nne na kidogo. Nikaambiwa kiwanja kimoja nyumba moja, nyumba moja kaya moja, kaya moja watu watano. Nikapata watu elfu mbili na ushee. Kwa watu hao nikaweka shule ya msingi moja, ndogo, na zahanati, na kiwanja cha mpira ambacho nilikionea fahari kuliko vyote. Mchoro ukapitishwa, nikanunua viatu.

Miaka tisa baadaye nilirudi pale kwa shughuli nyingine, kiu ikanishika, nikapiga hodi nyumba ya kwanza. Unazijua nyumba zetu za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na bomba. Nilipotokea uani nikakuta majiko sita ya mkaa yamepangwa sambamba na ukuta. Moja lilikuwa na maharage yanatokota, moja lina ubwabwa umefunikwa na makaa juu ya mfuniko, mengine yamezimwa. La mwisho lilikuwa limefungwa kitambaa cha kanga mguuni, mwenyewe asije akachukuliwa jiko lake. Mama aliyenipa maji akacheka alipoona nayatazama. Akasema, "Humu kila mtu na jiko lake, mwanangu. Tungekuwa tunapika pamoja tungeshagombana."

Sasa wewe umeshafundishwa kaya ni nini. Kwenye sensa kaya si nyumba, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Majiko sita, kaya sita. Mchoro wangu ulikuwa na kaya moja pale. Nilipopita shuleni nikakuta darasa la pili lipo chini ya mkorosho, na kile kiwanja changu cha mpira kilikuwa kimeshaliwa na madarasa matatu na vyoo. Kuzidisha nilikuwa nimezidisha sawasawa. Nilichokizidisha ndicho kilikuwa hakipo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu kama mtu aliyeungua. Somo lina kazi, na kazi yenyewe ni kumzuia mtu kama mimi wa siku zile. Kuhesabu ni mwanzo tu, na hapo mjomba hajakosea, makarani walihesabu na wakaondoka. Lakini mpangaji wa ardhi akishika ile namba anatakiwa aiulize maswali. Hawa watu wapo wapi hasa ndani ya eneo? Wana umri gani? Wanaishi kwenye chumba au kwenye nyumba? Wametoka wapi, na baada ya miaka kumi watakuwa wamehamia wapi? Hayo ndiyo unayoyasoma.

Chukua umri peke yake. Tanzania nzima, zaidi ya watu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ila huo ni wastani wa nchi, mtaani hauupati hivyo. Mtaa wa wenye nyumba wazee, watoto wao wameshaoa na kuondoka, unataka zahanati na njia isiyo na mashimo. Mtaa wa vijana waliooana juzi, kama Kivule yenu ya 2009, mwaka huo unataka kliniki ya mama na mtoto, baada ya miaka sita unataka darasa la kwanza, baada ya kumi na tatu au kumi na nne unataka sekondari. Mahitaji hayo unayaona yanakuja kwa mbali kama treni ya Pugu. Ukiwa nayo kwenye karatasi siku unayokata viwanja, unatenga ekari za shule zikiwa bado ni mikorosho na nyasi. Usipokuwa nayo, unakuja kuzitafuta watu wameshamwaga zege, na hapo inabidi ulipe fidia au watoto wavuke bonde. Mtaa wenu umeangukia hili la pili. Aliyerasimisha alipima kile kilichosimama juu ya ardhi siku ile, na waliokuwa bado hawajazaliwa hakuwa na pa kuwaandika.

Halafu kuna wastani, ugonjwa mwingine wa ofisi zetu. Sensa ya 2022 ilikuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Gawanya kwa kilomita za mraba 1,393 unapata kama watu 3,865 kwa kila kilomita. Namba nzuri ya kuandika kwenye ripoti. Lakini nenda Manzese, halafu panda pantoni uende mpaka Kisarawe II kule Kigamboni, uniambie hiyo 3,865 umeiona wapi. Bomba la maji haliwekwi kwenye wastani.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wengi huwa hawalishiki mpaka walione kwa macho. Sensa yetu iliuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Maana yake ile ni ramani ya usingizi. Simama Kariakoo saa nne asubuhi, mtaa wowote, uone kama unaweza kunyoosha mkono. Wale wote wamehesabiwa Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto, Kimara. Choo cha kulipia, taka, maegesho, njia ya gari la zimamoto, vyote vinahitajika mchana, na namba iliyopo mezani ni ya usiku. Mtu aliyesoma jiografia ya watu ndiye anayenyanyua mkono kwenye kikao na kusema jamani, hawa tuliowaandika hapa ni waliolala tu. Nimekaa vikao vingi ambavyo mkono huo haukunyanyuliwa, hata wangu.

Kuhusu uhamaji sina haja ya kukufundisha, umejieleza mwenyewe bila kujua. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja aliyehamia London, Ernst Georg Ravenstein, alichambua sensa za Uingereza akachapisha alichokiita sheria za uhamaji. Mojawapo ni kwamba wahamaji wengi huenda masafa mafupi, tena kwa hatua, mtu anasogea, na nafasi aliyoiacha inajazwa na aliyetoka nyuma yake. Buguruni hakuwahi kufika. Lakini babu yako Rufiji hadi Buguruni, baba yako Buguruni hadi Vingunguti, nyinyi Vingunguti hadi Kivule, na nina hakika kile chumba mlichokiacha Vingunguti hakikukaa wiki bila mpangaji.

Hatua inayofuata ipo wapi? Hapa ndipo ningependa ukae na mjomba wako, nitarudi kwake. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wetu ulitoka watu milioni 2.49 hadi milioni 4.36, kasi ya asilimia 5.6 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo mji unajizidisha mara mbili kwa miaka kama kumi na mbili na nusu. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikashuka hadi asilimia 2.1. Mtu akisoma mstari wa Dar peke yake atasema jiji limepoa, tupumue, tupunguze na bajeti. Soma mstari wa jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu wapatao milioni 1.1 mwaka 2012, na 2022 umepita milioni 2. Karibu mara mbili kwa miaka kumi. Watu wapo Vikindu, wapo Kisemvule, wapo Mapinga, wapo Mlandizi. Sababu zipo nyingi, lakini dalali yeyote atakwambia ya kwanza: bei ya kiwanja ndani ya mpaka.

Hilo kwa mipango ya ardhi ni jambo zito, kwa sababu mchoro unaishia kwenye mpaka wa halmashauri na mtu haishii hapo. Yule wa Vikindu analala Mkuranga, anafanya kazi Kariakoo, mtoto anamwandikisha shule ya Mkuranga, na akiugua analetwa Temeke. Nani anampangia? Ukiwa umekaa ofisi ya upande mmoja tu, humuoni mzima. Mimi ningekuwa na umri wako utafiti wangu ungekuwa hapo hapo kwenye mpaka, lakini wewe nina mwingine wa kukupa.

Nisimalize bila kugusa Mabwepande. Mafuriko ya Desemba 2011 yalibomoa makazi ya bonde la Msimbazi, Serikali ikawatafutia waathirika viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita ishirini kutoka pale. Ardhi ilikuwepo, ya juu, haifiki maji. Baadhi walirudi bondeni. Ukimuuliza mpimaji atakwambia watu wabishi. Ukiuliza kwa macho ya somo lako utauliza huyu mama alikuwa anauza nini, kwa nani, saa ngapi, na nauli ya kutoka Mabwepande kwenda kwa wateja wake ni sehemu gani ya faida yake. Mtu huhama na tumbo lake. Ukimhamisha kitanda bila tumbo, kitanda kitamfuata tumbo.

Vijijini nako kazi ipo, pengine kubwa zaidi. Sheria Na. 6 ya 2007 ndiyo inayosimamia mipango ya matumizi ya ardhi, na kijiji kinapogawa maeneo ya kilimo, malisho, makazi na hifadhi, lazima mtu aketi akadirie watakuwa wangapi siku za usoni, mifugo na msimu vikiwemo. Hilo ni somo la siku nyingine.

Tuje kwenye mkate. Ule mdomo wa ofisini, "nyie wa jiografia ni walimu", una ukweli kidogo ndani yake na ni vizuri uumeze mapema. Kuitwa mtaalamu wa mipangomiji kisheria lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wataalam wa Mipangomiji, na shahada ya jiografia peke yake si shahada ya mipangomiji. Ukitaka wewe ndiye uchore na kugonga muhuri, panga kuanzia sasa kuongeza shahada ya uzamili ya mipangomiji, na kabla hujalipa hata shilingi nenda mwenyewe kwenye Bodi ukaulize njia ya mtu wa jiografia ikoje. Usichukue majibu ya kijiweni.

Ila kuchora ni kazi moja kati ya nyingi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, halmashauri, mamlaka za maji, mashirika ya afya, miradi ya usafiri, wote hawa wanahitaji mtu wa kuwaambia watu wapo wapi. Sitakudanganya kwamba ajira zinakusubiri mlangoni. Haziwasubiri hata hao wa ugavi, huyo mwenye gari ni mmoja, ungemuuliza mjomba wenzake darasani wako wapi. Kinachotofautisha mhitimu wa jiografia anayeitwa kazini na anayezungusha bahasha ni mikono yake. Takwimu usizikimbie, najua HGE wengi mlikuja huko mkikwepa hesabu. Ukipata nafasi ya kozi fupi ya takwimu ichukue. Jifunze kutengeneza ramani kwa kompyuta, programu ya QGIS ni bure, haitaki hata leseni ya kulipia. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachora pamoja na wakazi ramani za kata zinazofurika, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro. Kazi yao ipo wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, mpaka leo, unaichukua bila kuomba. Na sensa ya 2022 ilihesabu majengo pia, mara ya kwanza nchini. Watu, majengo, na ramani ya bure. Kizazi chetu tulikuwa na kalamu ya wino na picha moja ya ndege iliyofifia.

Fotokopi zisikuumize. Mimi nimepiga fotokopi za kutosha kutandika ufukwe wa Kunduchi.

Sasa utafiti wako. Swali umeshaliuliza, "sita imetoka wapi?" Basi lijibu. Chukua mtaa wenu, chagua nyumba sitini kwa utaratibu ambao msimamizi wako atakuonyesha, si zile za marafiki wa mama. Barua ya chuo, ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa, hodi kila mlango. Ndani uliza kaya ngapi, watu wangapi, umri wao, walihamia lini na kutoka wapi, watoto wanasoma wapi na wanatumia dakika ngapi kufika. Na uani hesabu majiko, ya gesi na ya mkaa, kabla hujauliza idadi ya kaya, halafu linganisha na jibu utakalopewa, maana wenye nyumba wengine huficha wapangaji wakidhani umetoka mamlaka ya mapato. Ukimaliza utakuwa na namba ya Kivule yenu. Ikitoka sita, kampe pole yule bwana wa ofisini. Ikitoka kumi na nane, mpelekee nakala, kwa adabu, na chini yake weka ramani inayoonyesha shule ilitakiwa ikae wapi.

Ugavi usihamie. Unaacha miaka miwili uliyoisoma, unaanza upya kwenye kitu usichokipenda, na mkopo wenyewe sijui utauelezaje.

Mjomba sasa. Kwanza, huyo si adui yako. Mtu anayekaa juani ili mtoto wa dada yake asome anayo haki ya kuuliza hela yake inaenda wapi, hata kama aliuliza vibaya siku ya Iddi. Hofu yake ninaisikia mpaka huku: kwamba utarudi na cheti, utakaa sebuleni, na yeye ataulizwa na wenzake wa benchi. Usiende kumbishia peke yako. Nenda na mama, jioni, akiwa ameshakula, na usianze na Ravenstein. Mwambie una swali la kazi. Muulize miaka kumi iliyopita wateja wake walikuwa wanaulizia wapi, na sasa wanaulizia wapi, na ni watu gani: waliooa karibuni, wastaafu, wapangaji waliochoka kupandishiwa kodi. Mwache aongee. Atataja Chanika, atataja Vikindu, atakupa na mwaka ambao bei iliruka. Akimaliza mtolee karatasi yenye zile namba za Dar na Pwani, 2012 na 2022. Aone kwamba alichokuwa anakiona kutoka chini ya mwembe ndicho Serikali ilikuja kukikuta kwa sensa nzima, na kwamba mpwa wake anasomea kukiona mapema zaidi. Mwambie pia mpango wako wa kazi, Bodi, uzamili, QGIS, kwa miaka na kwa shilingi, kwa sababu dalali anaelewa mtu mwenye bei mkononi.

Akibaki na ubishi, muombe kitu kimoja: Jumamosi moja akuchukue kazini kwake. Kaa nyuma ya bodaboda, chukua daftari, na kila mteja muulize analala wapi sasa, analala na nani, na riziki anaitafuta wapi. Hao ni wateja wake, kwa hiyo nauli alipe yeye.

Shangazi